Tshala Muana: Mcheza Dansi Tuliyemwita Mnenguaji

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Desemba 2022, redio zilitangaza kwamba Tshala Muana amefariki dunia mjini Kinshasa akiwa na umri wa miaka 64. Hapa Bujumbura habari hiyo ilizungumzwa sana, hasa Buyenzi na Bwiza, ambako kanda zake zilipigwa harusini tangu sisi tukiwa watoto. Mimi nilikumbuka karatasi ya mwanafunzi.

Miaka michache kabla ya hapo nilikuwa nimewapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi la fasihi simulizi: kila mmoja achague fanani mmoja wa ukanda wetu, aeleze fani na maudhui ya kazi zake. Wengi walichagua watambaji wa hadithi na waimbaji wa taarabu. Mwanafunzi mmoja alimchagua Tshala Muana, na kurasa tatu kati ya sita zilihusu namna anavyocheza. Nilimwandikia pembeni: “Hii ni burudani, si fasihi.” Nikampa alama 9 kwa 20.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini sasa naamini kwamba aliyekosea ni mwalimu. Sikusudii kumsifu marehemu kwa kila jambo. Nakusudia kumhakiki kama tunavyomhakiki fanani yeyote, kwa kuanzia pale alipoanzia yeye mwenyewe, yaani kwenye mwili.

Kwanza, maisha yake kwa ufupi. Elisabeth Tshala Muana Muidikay alizaliwa mwaka 1958 Élisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Asili yake ni Waluba wa Kasai, watu ambao wengi wao walifika Katanga kwa ajili ya kazi za migodi na reli. Kwa hiyo alizaliwa katika mji wa Kiswahili, ndani ya jamii ya Ciluba, katika nchi ambayo baadaye ingeziita zote mbili lugha za taifa, pamoja na Lingala na Kikongo. Alikuwa bado mtoto mdogo Katanga ilipojitenga mwaka 1960, na vita vya kujitenga huko vilipokwisha mwaka 1963.

Katika miaka ya 1970 alikwenda Kinshasa, na humo ndimo alimoanza kazi, akiwa mcheza dansi katika bendi ya Tsheke Tsheke Love ya mwanamama M'Pongo Love. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. M'Pongo Love alikuwa na sauti ya ajabu, lakini alipata ulemavu wa miguu tangu utotoni. Mwimbaji alibeba maneno, na wachezaji wakabeba mwendo. Katika jukwaa la namna hiyo dansi haiwezi kuitwa pambo. Ni nusu ya kazi yenyewe. Msichana aliyejifunza sanaa mahali kama hapo alijua mapema kwamba asiyeshika kipaza sauti naye ana jambo analolisema.

Kisha Tshala alisafiri Afrika Magharibi, akajijengea jina Abidjan, na katikati ya miaka ya 1980 akahamia Paris kurekodi. Aliigiza pia katika filamu ya Falato, iliyotengenezwa nchini Mali mwaka 1989. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alirudi nyumbani. Watu walimwita Malkia wa Mutuashi, na wengine wakamwita Mamu Nationale.

Je, mutuashi ni nini? Ni dansi na mdundo wa Waluba wa Kasai, na kiini chake ni kiuno. Mtazamaji wa haraka ataishia hapo na kusema ni dansi ya kutamanisha. Mwanafunzi wangu hakuishia hapo. Aliandika kwamba mabega ya Tshala hayasogei sana, uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza, na kiuno peke yake ndicho kinachojibu ngoma. Kwamba mdundo ukibadilika, kiuno hungoja kidogo ndipo kijibu. Na kwamba kungoja huko ndiko kunakowafanya watazamaji wapige kelele. Nilipoitazama tena video yake ya zamani, wiki ile ya msiba, niliona ni kweli tupu. Kuna mwito na kuna kiitikio. Kuna kituo. Kuna takriri yenye badiliko ndogo kila inaporudi. Hizi ni istilahi tunazozitumia kila siku darasani tunapofundisha ushairi na nyimbo. Niliziona kwenye karatasi nikazikataa kwa sababu zilihusu nyonga za mwanamke.

Hapa tunafika kwenye suala la lugha, ambalo ni letu hasa. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza dansi: kucheza, kusakata, kunengua, kukata kiuno, kukatika, kutikisa, kuyumba, kudemka. Kila kimoja kina picha yake. Lakini tukitafuta jina la mtu anayeifanya kazi hiyo, tunapungukiwa. “Mchezaji” ni wa mpira pia. Magazeti ya Tanzania yalizoea kuwaita wacheza dansi wa bendi “wanenguaji”, na neno hilo, kwa jinsi lilivyotumiwa, lilimtaja mtu kwa kiungo kimoja cha mwili. Mwimbaji akawa msanii, mpiga gitaa akawa mwanamuziki, na mwanamke aliye mbele yao akawa mnenguaji. Sisemi neno hilo lifutwe kwenye kamusi. Nasema mwalimu anayelitumia ajue linafanya kazi gani.

Ufundi mkubwa wa Tshala Muana, kwa maoni yangu, ni kwamba alitoka kwenye safu ya nyuma akashika kipaza sauti bila kuiacha dansi. Wengi wakishaanza kuimba huwaachia wengine kazi ya kucheza. Yeye aliendelea kufanya vyote viwili, na kwa sehemu kubwa aliimba kwa Ciluba wakati Lingala ndiyo iliyotawala soko la muziki wa Zaire. Hata majina ya albamu zake yanasimulia jambo. Ile ya mwaka 1991 iliitwa Soukous Siren, jina lililomweka chini ya muziki uliokuwa ukijulikana Ulaya na Marekani. Ile ya mwaka 1996 iliitwa Mutuashi, bila maelezo ya ziada. Nayaona majina hayo mawili kama safari ya msanii kutoka jina alilopewa na soko hadi jina la nyumbani kwao.

Na Kiswahili je? Moja ya nyimbo zake zinazojulikana inaitwa “Karibu Yangu”. Ukiwauliza wanafunzi maana ya maneno hayo mawili nje ya wimbo, wengine watasema ni “jirani nami”, na wengine watasema ni “makaribisho yangu”. Mjadala wa namna hiyo, kuhusu “karibu” kama kielezi na “karibu” kama nomino, unaweza kujaza kipindi kizima, na wanafunzi hawatasinzia.

Hata hivyo mhakiki hana budi kutaja udhaifu pia. Katika baadhi ya rekodi zake za Paris kinanda cha umeme na mdundo wa mashine vimeifunika ngoma. Kiuno kinachojibu mkono wa mpiga ngoma hakina cha kujibu pale ambapo mdundo haubadiliki kamwe. Aidha, baadhi ya wapiga picha walikatakata mwili wake vipande vipande, wakaonyesha nyonga bila uso. Walivyofanya hivyo walipoteza kile kilichofanya dansi iwe na maana, yaani utulivu wa juu dhidi ya mwendo wa chini.

Udhaifu wa pili ni mgumu zaidi kuutaja. Tshala Muana alikuwa mfuasi wa wazi wa Joseph Kabila, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliwahi kuwa mjumbe wa bunge la mpito. Tunajua kwamba katika Zaire ya Mobutu dansi ilifanywa chombo cha chama. Vikundi vilicheza na kuimba sifa za kiongozi kama sehemu ya siasa za kila siku. Msanii aliyekulia humo akijiunga na watawala, tunayo haki ya kuuliza mwili wake unacheza kwa ajili ya nani. Sioni kwamba swali hilo linaifuta sanaa yake. Lakini mwalimu asiliruke.

Kisha ukaja mwezi Novemba mwaka 2020. Alitoa wimbo ulioitwa “Ingratitude”, kuhusu utovu wa shukrani. Wasikilizaji wengi waliusikia kama kijembe kwa Rais Félix Tshisekedi kuhusu uhusiano wake na aliyemtangulia. Watu wa usalama walimkamata, naye akaachiliwa muda mfupi baadaye. Upande wake ulisema wimbo haumlengi mtu. Tuache siasa pembeni, tutazame fasihi: hili ni fumbo, na tumefundishwa kwamba fumbo hukamilishwa na hadhira. Anayemkamata msanii kwa fumbo amekwisha kulifumbua hadharani. Sijapata mfano bora zaidi wa kueleza darasani uhusiano wa fanani na hadhira, na umetoka kwa mtu niliyemwondoa kwenye orodha ya fasihi.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Burundi? Ngoma zetu za kifalme ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Mwezi Oktoba mwaka 2017 agizo la rais lilisema kwamba upigaji wa ngoma hizo ni wa wanaume, na kwamba wanawake wanaweza kucheza ngoma za asili zinazowahusu. Sikusudii kulijadili agizo lenyewe hapa. Nawaombeni walimu wenzangu mlitumie kama swali: katika onyesho ambamo mmoja anapiga na mwingine anacheza, nani anasema? Kama jibu letu ni kwamba anayecheza hasemi, basi tumewanyamazisha wanawake wengi wa nchi hii ndani ya madaftari yetu, bila agizo la mtu yeyote.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa somo letu la sanaa za maonyesho. Mosi, mwanafunzi apewe dakika tano za dansi yoyote, azieleze kwa Kiswahili bila kutumia neno “nzuri”. Atagundua upesi msamiati alio nao na ule anaoukosa. Pili, tuache kutenga maneno ya wimbo na mwili unaoyatoa, kana kwamba fanani ni karatasi.

Mwanafunzi wangu alihitimu zamani, na sasa anafundisha Kiswahili mkoani. Nilimpigia simu wiki ile ya Desemba. Nilimwambia kwamba kazi yake ilistahili 15, na kwamba daftari la alama haliwezi tena kubadilishwa. Alicheka, akaniambia: “Mwalimu, mimi wanafunzi wangu nawafundisha vilevile nilivyoandika.” Kisha akaniuliza kama bado ninayo ile karatasi, maana yeye nakala yake ilipotea. Ninayo. Nitampelekea, na yale maneno yangu ya pembeni nimeyaacha, ayaone wanafunzi wake pia.