Magome ya kwinini: thamani yake huamuliwa kwenye uanikaji

Misisi, mji wa wachimba dhahabu katika eneo la Fizi, una mashimo mengi, na shimo lililotuama maji ya mvua ni mazalia ya mbu. Malaria si mgeni kwa mtu yeyote wa Fizi wala Baraka. Mkoa huohuo wa Kivu Kusini, katika nyanda zake za juu zenye baridi, umekuwa ukilima dawa yake tangu enzi za Wabelgiji. Dawa hiyo ni kwinini, itokayo kwenye magome ya mti wa sinkona, na kiwanda kinachoisindika ni Pharmakina cha Bukavu. Sifa nyingi hupewa mitambo ya kiwanda. Kwa maoni yangu, kazi kubwa imekwisha kufaulu au kuharibika kabla gunia halijafika mlangoni, pale magome yanapoanikwa.

Kwinini ilitenganishwa na magome kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1820, na Pelletier na Caventou. Baadaye kisiwa cha Java kikawa ndicho kinacholisha karibu dunia nzima. Wajapani walipokiteka mwaka 1942, mashamba ya Afrika, ya Kivu yakiwemo, yalipata uzito mpya.

Mavuno huanza kwa kung'oa mti mzima pamoja na mizizi, kwa kuwa magome ya mizizi nayo yana dawa. Shina hupigwapigwa kwa fimbo hadi gome lilegee, kisha hubanduliwa vipande vipande. Kuanzia hapo ni kushindana na muda. Gome bichi limejaa maji, na likirundikwa hupata joto ndani, likaota kuvu na kuanza kuoza. Pia tanini zake zikikutana na hewa hugeuka kuwa dutu nyekundu isiyo na faida kwa mgonjwa.

Kwa hiyo magome hutandazwa tabaka jembamba, juu ya chanja au turubai, na kugeuzwa mara kwa mara. Anayeanika ndagala pale Baraka anaijua kanuni hii: kilichokauka nje na kubaki kibichi ndani kitanuka ghalani. Kiangazi cha Juni hadi Agosti jua hutosha. Msimu wa mvua hulazimu kutumia tanuri, na hapo mwiko ni joto kuzidi nyuzi 80 za Selsiasi, kwa sababu joto kali huiharibu dawa yenyewe. Lengo ni gome kubaki na unyevu wa karibu asilimia 10. Gome la namna hiyo huvunjika kwa mlio, halipindiki.

Kila zao la kukamuliwa dawa lina masharti yake. Maua ya pareto, kwa mfano, huhitaji uangalifu zaidi, kwani sumu yake ya kuua wadudu huharibiwa na mwanga na joto kwa urahisi. Gome ni gumu kuliko ua, lakini ugumu huo usimdanganye mkulima akadhani linaweza kungoja.

Kiwandani gome husagwa likawa unga, na gome lenye unyevu huganda kwenye kinu. Unga huchanganywa na chokaa na soda kali, ili kwinini iachane na asidi za mmea zilizoishikilia. Kiyeyushi cha moto huichukua, asidi ya salfa iliyozimuliwa huitoa humo, na mwishowe hupatikana fuwele. Ni kweli kwamba maji huongezwa tena wakati wa kuchanganya chokaa. Tofauti ni kuwa hayo yamepimwa, ilhali maji yaliyosalia ndani ya gome hakuna aliyeyapima.

Tufanye hesabu. Chukua kilo 100 za magome mabichi ambamo kilo 70 ni maji. Yakikaushwa hadi unyevu wa asilimia 10, hubaki kilo 33 na ushei. Yakiuzwa yakiwa na unyevu wa asilimia 20, mizani itasoma kilo 37 na nusu. Kwinini iliyomo ni ileile, kilo 4 zilizoongezeka ni maji matupu, na maji hayohayo ndiyo yatakayoleta kuvu. Bei inayofuata uzito peke yake humlipa vizuri zaidi aliyeanika vibaya.

Atauliza mtu kama kwinini bado ina nafasi. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kufanywa katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kuwa dawa ya atesuneti huokoa watoto wengi zaidi wenye malaria kali kuliko kwinini, na Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Lakini atesuneti ikikosekana, kwinini ya sindano ingali miongoni mwa dawa mbadala za malaria kali. Katika eneo ambalo njia hukatika kwa mvua na kwa vita, dawa mbadala inayotoka mkoa huohuo si kitu cha kudharau.

Hivyo wanunuzi wa magome wapime unyevu na kiasi cha dawa mbele ya mkulima, wamlipe kwa vyote viwili. Vyama vya ushirika navyo vijenge chanja za pamoja na tanuri zenye kipimajoto kabla ya mvua za Septemba. Mkulima akilipwa kwa ubora wa gome, ataanika kwa uangalifu bila kusukumwa na mtu.