Kuvumilia na Kuchukuliana: Uhakiki wa Tafakuri ya Mwanafunzi

Utangulizi

Insha ya mwanafunzi ni matini inayosomwa sana na kuhakikiwa kwa nadra. Kila muhula wahadhiri wa Kiswahili hupitia mamia ya kurasa za aina hii, lakini huzipitia wakiwa na kalamu nyekundu mkononi: husaka makosa, hutoa alama, kisha huziweka kando. Aghalabu hatumuulizi mwandishi wake maswali tunayowauliza watunzi tunaowafundisha: ni nani anayesema, anamsemesha nani, na lugha yake inaficha nini? Makala haya yanakusudia kuyauliza maswali hayo kuhusu tafakuri moja iliyoandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili katika kozi ya uandishi. Mada ilikuwa uvumilivu wa kitamaduni na utambulisho. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika rasimu tatu, na mwishoni aeleze uandishi wake umebadilika vipi. Mwandishi huyu ameturuhusu kuijadili kazi yake bila ya kutaja jina lake.

Tunadai kwamba mambo mawili aliyotakiwa kuyatafakari, yaani kuishi na watu walio tofauti naye na kuandika vizuri zaidi, kwa hakika yalikuwa jambo moja. Kila aliposahihisha sentensi ikawa kweli zaidi, ndivyo alivyomwona mwenzake waziwazi zaidi. Tutaonyesha pia kwamba kikwazo kimoja katika safari hiyo kilikuwa msahihishaji mwenyewe.

Insha kama Fani ya Kujichunguza

Si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili kuichukulia insha kuwa fani yenye uzito. Shaaban Robert (1909-1962) alichapisha Kielezo cha Insha mnamo 1954, na kabla ya hapo, mwaka 1949, alikuwa amechapisha Maisha Yangu. Yeye ambaye wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao, na ambaye alijiona kuwa Mswahili, alifahamu vyema kwamba mtu anapoandika kuhusu nafsi yake analazimika kuamua yeye ni nani na mbele ya nani. Kwa mkabala huo, insha ni uwanja wa kujihoji.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa nchini Kenya mnamo 1985, ulilifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima na la kutahiniwa. Faida ya hatua hiyo haina ubishi. Wengi wetu tunaofundisha katika idara hizi ni zao lake. Hata hivyo, mtihani ulizaa sajili yake. Mwanafunzi hufunzwa kuanza kwa methali, kupamba kila aya kwa misemo aliyoikariri, na kuhitimisha kwa wasia. Sajili hiyo ina adabu yake na umahiri wake. Kasoro yake ni kwamba inaweza kutumika kueleza jambo lolote bila ya kulitazama.

Rasimu ya Kwanza: Niliwavumilia

Rasimu ya kwanza ya mwandishi wetu inafuata kanuni hiyo pasi na kasoro. Inaanza kwa methali ya mvumilivu kula mbivu. Inaendelea kutueleza kwamba Kenya ni nchi ya makabila mengi, kwamba ukabila ni donda ndugu, na kwamba yeye aliishi kwa upendo na wenzake wawili chumbani licha ya tofauti zao za kitamaduni. Anaitaja riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2014), aliyoisoma shuleni, na kuorodhesha athari za ukabila kwa hoja nne zilizopewa nambari. Anamaliza kwa kuwasihi Wakenya wavumiliane.

Sarufi ya rasimu hiyo inastahiki kutazamwa kwa makini. Mahali pote ambapo pana wema, kiima ni yeye: niliwavumilia, niliwaelewa, niliwasamehe. Wenzake ni yambwa tu, hawatendi lolote. Mahali ambapo pana lawama, nafsi yake hutoweka na badala yake huja wingi usio na sura: sisi Wakenya, jamii, watu. Kwa hivyo, msomaji akifika mwisho hajui hata jambo moja ambalo wenzake wale walifanya lililohitaji kuvumiliwa.

Kitenzi chenyewe kinazua tatizo. Katika Kiswahili tunavumilia njaa, maumivu, kiu na dhuluma. Anayevumilia amekabiliwa na jambo baya, naye anangoja lipite. Tukisema tunavumilia utamaduni wa jirani, tumekwisha kumhesabu jirani miongoni mwa maumivu. Isitoshe, uvumilivu una kikomo. Chozi la Heri yenyewe inalionyesha hili kuliko hoja nne za mwandishi wetu: Ridhaa na Mzee Kedi walikuwa majirani, na vurugu za baada ya uchaguzi zilipozuka, jirani huyo ndiye aliyeshiriki kuiteketeza familia ya mwenzake. Kutopigana kwao kwa miaka hakukuwa dhamana ya lolote. Mwanafunzi aliisoma riwaya hiyo ili aorodheshe. Laiti angeisoma ili ajiulize, angeona kwamba inatilia shaka neno lilelile analolisifu.

Lugha hii inalo neno jingine: kuchukuliana. Mzizi wake ni chukua, na kiambishi -an- cha utendano kinadai kwamba kila upande ubebe na ubebwe. Hapana anayechukuliana peke yake. Tulimwandikia mwanafunzi swali moja pambizoni mwa rasimu: je, wewe ni nani aliyekuchukua?

Rasimu ya Pili: Omena na Dirisha

Swali hilo lilizaa rasimu tofauti kabisa. Methali imeondoka, na mahali pake pana chumba cha bweni chenye vitanda vitatu na jiko la umeme linalofichwa chini ya kitanda kwa kuwa limepigwa marufuku. Mmoja wa wakazi huamka kabla ya alfajiri ili aswali. Mwingine, aliyelelewa karibu na Ziwa Viktoria, hupika omena siku za Ijumaa. Mwandishi anakiri kwamba kila Ijumaa alikuwa akinyanyuka kimya na kulifungua dirisha. Hakusema neno. Aliamini kwamba kunyamaza kwake ndiko uvumilivu. Baada ya wiki kadhaa aligundua kuwa omena hazipikwi tena, na ilimchukua muhula mzima kufahamu kwamba aliyevumilia alikuwa mwenzake. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake kiima kimebadilika: alinivumilia.

Kwa mtazamo wa kihakiki, hapa ndipo tafakuri inapoanza. Si kwamba mwandishi amepata msamiati mpya; la, sentensi zake zimekuwa fupi na sahili zaidi kuliko za awali. Kilichobadilika ni kwamba kila kitenzi kina mtendaji na kila tendo lina mahali pake. Dirisha linafunguliwa na mkono tunaoujua. Usahihi huo wa kifani ndio uliomfichulia mwandishi kosa lake la kimaadili, kwani sentensi isiyo na mtendaji haiwezi kumshtaki mtu.

Ni katika rasimu hiihii anapoanza kulishughulikia suala la utambulisho. Alizaliwa na baba Mkamba na mama Mgiriama, na kulelewa Mariakani. Upande wa mama wanamwita Mkamba. Upande wa baba, Kibwezi, wanamwita binti wa Mgiriama. Anawataja wakongwe wawili waliomlea kwa zamu: hawe, aliyekuwa akisuka makuti, na susu, aliyekuwa akisuka vyondo.

Kalamu Nyekundu

Katika hatua hii yatubidi tuiache nafsi ya wingi ambayo makala ya kitaaluma huipenda, maana aliyetenda ni mtu mmoja. Mimi ndimi niliyeyapigia mstari mwekundu maneno hayo mawili, hawe na susu, na juu ya kila moja nikaandika nyanya. Pambizoni niliongeza kwamba mwandishi ajihadhari na athari za lugha ya kwanza, nami nikampunguzia alama mbili. Ni ukurasa uleule ambao nilikuwa nimeusifu kwa uwazi wake kuhusu omena.

Mwanafunzi alijibu katika rasimu ya tatu, kwa heshima na bila ya kunitaja. Aliandika kwamba alijaribu kulitumia neno nyanya kama alivyoelekezwa, akajikuta na kikongwe mmoja anayesuka makuti asubuhi na vyondo jioni, ilhali katika maisha yake walikuwa wawili, hawakuwahi kuzungumza lugha moja, na kila mmoja alimwita mjukuu wake kwa jina tofauti. Neno sanifu lilikuwa limewaunganisha kwa kumfuta kila mmoja wao. Aliyarejesha maneno yake mawili, akayafafanua ndani ya sentensi yenyewe ili msomaji yeyote ayaelewe, kisha akaendelea.

Hoja yake haina budi kukubaliwa, lakini isichukuliwe kuwa ruhusa ya kila kitu. Katika rasimu hizohizo nilisahihisha upatanisho wa ngeli uliovurugika na alama za uakifishaji zilizokosekana, na masahihisho hayo yalimsaidia kusema alichotaka kusema. Kosa humzuia msomaji asimfikie mwandishi. Neno la nyumbani, likifafanuliwa, humfikisha karibu zaidi. Mhadhiri anayeshindwa kutofautisha mambo haya mawili anafundisha uvumilivu kwa mdomo na kuuvunja kwa kalamu.

Yafaa tukumbuke kwamba usanifu wenyewe ulitokana na uteuzi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930 ili kuusimamia usanifishaji huo. Wasemaji na washairi wa Kimvita walirithi lahaja yenye fasihi ya karne nyingi, nayo ikageuzwa kuwa ya pembeni katika mji wao wenyewe. Mjadala kuhusu Mswahili ni nani, ambao Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff waliuendeleza katika kitabu chao cha 1994, haujatenganika na historia hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na papo hapo inaitaka serikali kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi. Kifungu hicho kinaweka katika sentensi zinazofuatana mambo ambayo kalamu yangu iliyaona kuwa maadui.

Hitimisho

Rasimu ya tatu haijakamilika. Aya yake ya mwisho inarudi kwenye wasia kwa taifa, kana kwamba mwandishi ameogopa kumwacha msomaji bila ya funzo. Aidha, hatuambiwi iwapo aliwahi kuzungumza na mwenzake kuhusu omena. Ukimya huo ni pengo kubwa, kwani kuchukuliana, tofauti na kuvumilia, hakutimii kwa kunyamaza. Tungependa kuisoma rasimu ya nne.

Tunachopendekeza kwa wenzetu ni jambo dogo. Tunapokutana na neno tusilolitarajia katika kazi ya mwanafunzi, tuandike swali kabla ya kuandika badala yake. Swali humrudisha mwandishi kwenye kile alichokiona. Badala humpeleka kwenye kile tunachokijua sisi. Mwanafunzi huyu alitoka kwenye methali akafika kwenye dirisha kwa sababu ya swali moja, na ilibaki kidogo apoteze wakongwe wawili kwa sababu ya neno moja. Wino mwekundu haufutiki. Nilichoweza kufanya ni kuandika chini yake kwamba maneno ya mwanzo yabaki, na kumrudishia alama zake mbili.