"Sikuachi": Ukanushi katika Shairi la Mpenzi wa Mbali

Uhakiki wa mashairi ya mapenzi ya Kiswahili umezoea kusimama kwenye sitiari: ua, njiwa, tausi. Hata hivyo, katika shairi linalotumwa kwa mpenzi aliye mbali, mzigo mkubwa hubebwa na kitenzi, tena kitenzi kanushi. Mtunzi anayetaka kumtuliza mwenziwe hatosheki na "nakupenda". Hulazimika kufika kwenye "sikuachi". Ukanushi huo hudokeza kwamba pana tuhuma iliyotangulia: mpenzi ameingiwa na shaka, au maneno ya watu yamekwisha kumfikia. Shairi la aina hii ni jibu, hata pale ambapo barua inayojibiwa haikuandikwa kamwe.

Uteuzi wa njeo ni jambo zito hapa. "Sijakuacha" ni kauli ya kweli isiyotuliza, maana -ja- huacha mlango wazi. "Sitakuacha" ni ahadi, na ahadi huning'inia katika wakati ujao ambao anayengoja hana hakika nao. Katika upwa wa zamani, msafiri aliyeondoka Mombasa kwa jahazi wakati wa kusi kwenda Arabuni alingojewa hadi kaskazi ivume. Miezi yote hiyo ndiyo -ta-. "Sikuachi" hueleza hali, si miadi. Pengine itadaiwa kuwa mizani ndiyo inayoamua. Dai hilo halina nguvu: "sikuachi abadani" ina mizani 8, na "daima sitakuacha" ina 8 vilevile, na kipande cha mshororo wa mizani 16 huzipokea zote mbili. Kina nacho huhamishika kwa kupindua maneno. Anayechagua ni mtunzi.

Kibwagizo kina hatari yake. Kauli ile ile ikirudiwa mwishoni mwa kila ubeti huonyesha uthabiti. Ikirudiwa bure humfanya mpokeaji ajiulize kwa nini yahitaji kurudiwa. Mashairi dhaifu (nayo ni mengi) husema jambo moja mara saba. Yaliyo bora huleta habari mpya katika kila ubeti, ugonjwa, ukata, safari iliyoahirishwa, ili kibwagizo kijaribiwe upya.

Kwa mtazamo huu, "Siwati" la Abdilatif Abdalla katika *Sauti ya Dhiki* (1973) linastahili kusomwa tena. Diwani hiyo ilitungwa gerezani, alikofungwa mshairi kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi *Kenya: Twendapi?*, na wahakiki huliweka shairi hilo, kwa haki, katika ushairi wa kisiasa. Lakini kitenzi na njeo ni vile vile vya wapenzi, kwa Kimvita: kuwata ni kuacha. Kilichoondolewa ni -ku- tu. Anwani haisemi "sikuwati"; nafasi ya mtendwa imeachwa tupu, na beti huijaza kwa msimamo badala ya mtu. Mhakiki anayeyaita mashairi ya mapenzi mepesi, na kuyatenga na yale ya kisiasa, ana wajibu wa kueleza kwa nini mfungwa aliyetaka kusema kwamba hayumbishwi alishika kitenzi cha mpenzi.