Mstari wa nne ulioharibu mapitio

Mliofuata wasilisho la Jumatano, vijana wetu walipoeleza mapitio yao ya tafiti za kimaelezo kuhusu kujifungua katika vituo vya afya, mliona wenyewe. Mistari mitatu ya kwanza ya usakaji kwenye PubMed ilikwenda sawa: kujifungua, kituo cha afya, Afrika Mashariki, visawe vyote vimeungwa kwa AU. Kisha mstari wa nne: NA, pamoja na lebo ya utafiti wa kimaelezo kutoka MeSH, orodha ya istilahi za kuainishia makala. Basi. Matokeo yakaporomoka, ukumbi ukapumua kwa raha. Mimi nikashika kichwa.

Lebo hiyo iliingia MeSH mwaka 2003, na makala za zamani kwa kawaida hazirudiwi kubandikwa lebo mpya. Kwa hiyo akina mama waliohojiwa miaka ya 1990 walitolewa nje kwa pigo moja. Tena, na nimelisema hili mpaka sauti imekauka, PubMed si MEDLINE, ile sehemu yake yenye lebo. Humo mna makala tele zisizo na lebo yoyote, na majarida yetu mengi ya huku MEDLINE haiyachukui kabisa. Halafu watafiti wa kimaelezo wanapenda kuweka maneno ya msailiwa kwenye kichwa cha makala. Neno “mahojiano” utalikuta kwenye ikisiri. Asiyesaka ndani ya ikisiri halipati.

Dawa ipo tangu 2004. Wong, Wilczynski na Haynes wa McMaster walitupa kichujio cha MEDLINE cha maneno matatu tu: mahojiano, uzoefu na kimaelezo, kwa Kiingereza chake. Kinaleta pumba? Kinaleta. Asiyetaka kupembua asile wali.

Na swali lao wakalipanga kwa PICO, mfumo unaodai kundi la kulinganisha! Mama anayesimulia uchungu wake analinganishwa na nani? Mfumo wa SPIDER ulitungwa 2012 kwa ajili ya kazi hii hii, ingawa nao, ukitumiwa peke yake, huacha makala nje.

Mchujo wa watu wawili ulikuwa safi, na hifadhidata ya CINAHL hawakuisahau.

Lakini kusaka hifadhidata peke yake hakutoshi, na wakongwe walishaonyesha. Greenhalgh na Peacock, kwenye BMJ mwaka 2005, walikagua vyanzo 495 vya mapitio yao: usakaji uliopangwa mwanzoni ulileta asilimia 30 tu, kufuata marejeo na manukuu kukaleta 51. Vijana wetu hawakufungua orodha ya marejeo hata moja.

Wafute mstari wa nne, washike ungo.