Xenophon na Kamba ya Farasi

Katika sura ya tano ya kitabu chake cha upandaji farasi, kilichoandikwa karne ya 4 K.K., Xenophon wa Athens anamwelekeza saisi mahali pa kumfunga farasi: juu kuliko kichwa chake. Papo hapo anamwacha saisi na kumgeukia mnyama. Farasi akikerwa na kitu usoni hurusha kichwa juu ili akiondoe. Akiwa amefungwa juu, mrusho huo huilegeza kamba badala ya kuikata.

Tazama mpangilio wake. Amri ni fupi, tabia ya mnyama inafuata, hali ya kamba inakuja mwisho. Mtenda wa kwanza ni mtu, wa pili ni farasi, na mtu harudi tena. Hapa ndipo ubora wa maandishi haya ulipo: usalama haukutegemezwa kwa nguvu za kamba bali kwa kumjua mnyama. Anayejua kichwa kitaelekea wapi hahitaji kukariri fundo likae wapi. Mistari michache kabla, sababu zinavutana vivyo hivyo: fundo lisikae pale hatamu inapozunguka kichwa, maana farasi hujisugua kwenye hori, akajitia vidonda, na mwenye vidonda huwa msumbufu anapovishwa hatamu.

Leo wanaopiga kambi na farasi katika milima ya Rocky, Marekani, hutandaza kamba kati ya miti miwili, juu ya vichwa, kwa mikanda mipana isiyochubua magome, kisha kila farasi hufungwa hapo. Kanuni ni ya Xenophon. Mwongozo unaotoa vipimo bila sababu, hata viwe sahihi, humwacha mtu njia panda pale miti inapokaa vibaya, na porini miti hukaa ipendavyo.

Hata hivyo, sentensi ile ya Xenophon ina pengo: haisemi urefu wa kamba. Ni sentensi ya zizini, penye hori. Kambini farasi hushusha kichwa hadi chini. Kamba ikiwa fupi mno hafikii majani, ikiwa ndefu mno huupitisha mguu juu yake, na akishtuka anaweza kujivunja.

Pengo hilo linasumbua zaidi kwa sababu Xenophon aliijua kambi. Katika kitabu cha tatu cha Anabasis, akisimulia safari ya kurudi ya askari wa Kigiriki kutoka nchi ya Waajemi mwaka 401 K.K., anaeleza kwa nini Waajemi hawakulala karibu nao chini ya stadia 60, yaani kama kilomita 11. Farasi wao hufungwa usiku, wengi hata miguu, wasije wakakimbia. Baada ya sababu hiyo moja inafuata kazi juu ya kazi: kelele zikizuka, lazima Mwajemi atandike, atie hatamu, avae deraya, apande, gizani, katikati ya ghasia. Vitendo vinarundikana hadi msomaji anacheleweshwa pamoja na askari. Kisha umbali ule unatajwa tena, sasa kama hukumu.

Aliyeandika hivyo alijua kwamba kufunga ni nusu ya kazi. Lakini katika sentensi ya saisi hakuna neno juu ya kufungua. Fundo linaloachia kwa mvuto mmoja, ambalo wapiga kambi wa leo hulitegemea farasi anaponaswa, lilistahili nafasi hapo, mara tu baada ya kichwa kurushwa juu.