Irabu za Kisomali na Mipaka ya Tahajia yake ya Kilatini

Iko kauli inayosikika mara kwa mara katika madarasa yetu ya isimu, nayo ni kwamba Kisomali, kama Kiswahili, kina irabu tano. Anayeitoa huwa ameyatazama maandishi, akaziona a, e, i, o na u, akatosheka. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kauli hiyo si sahihi, na kwamba kosa lililomo si la waliobuni tahajia ya Kisomali. Ni kosa letu sisi tunaoisoma tahajia kana kwamba ni maelezo kamili ya lugha.

Tahajia hiyo ilitangazwa rasmi mjini Mogadishu mwezi wa Oktoba 1972, ikifuata kwa sehemu kubwa mfumo wa Shire Jama Ahmed. Kabla ya hapo zilikuwapo hati nyingine, mathalani ile ya Osman Yusuf Kenadid, na wako waliotetea hati ya Kiarabu. Mfumo uliokubaliwa ulitumia herufi za kawaida za taipureta, bila alama za juu wala za chini. Urefu wa irabu ulionyeshwa kwa kurudia herufi: bad ni bahari, baad ni malisho.

Kwa hesabu hiyo twapata irabu 10. Sikio, hata hivyo, husikia zaidi. Kila moja kati ya hizo 10 ina namna mbili za kutamkwa: ya kwanza kwa kuusogeza mzizi wa ulimi mbele, ya pili bila kuusogeza. Jumla ni irabu 20. Lilias Armstrong alizichunguza sauti za Kisomali katika kazi yake ya 1934, na mwaka 1955 B. W. Andrzejewski akalishughulikia mahsusi suala la kuziandika irabu hizo. Neno diid latosha kuwa mfano. Likitamkwa kwa namna moja maana yake ni kukataa. Likitamkwa kwa namna ya pili, ni kuzimia. Karatasi haitofautishi mtu aliyekataa na mtu aliyezimia.

Toni nayo haiandikwi. Inan yenye toni ya juu mwanzoni ni mvulana. Yenye toni ya juu mwishoni ni msichana. Hapa lakini sarufi huja kumwokoa msomaji, kwani inanka ni yule mvulana na inanta ni yule msichana. Sisi wenyewe tu katika hali iyo hiyo. Tahajia yetu sanifu haionyeshi mpumuo, hivyo paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawasawa; upatanisho ndio unaotuambia kwamba moja limebomoka na mwingine amekimbia. Tofauti ni kwamba diid ni kitenzi katika maana zote mbili, wala hakuna kiambishi cha kumwongoza msomaji. Hana budi kutegemea muktadha.

Je, wabunifu walikosea? Mwandishi wa makala haya haoni hivyo. Irabu za Kisomali huathiriana: neno lenye irabu za namna ya mbele laweza kuzivuta irabu za maneno jirani. Lau namna hiyo ingaliandikwa kila mahali, neno moja lingalikuwa na sura mbili kwa kutegemea jirani yake, na mtoto wa shule angalitaabika bure. Isitoshe, urefu ulioandikwa ndio uti wa mgongo wa ushairi. Mnamo 1976 Maxamed Xaashi Dhamac, ajulikanaye kama Gaarriye, alipoanza kueleza hadharani mizani ya mashairi ya Kisomali, msingi wake ulikuwa hesabu ya irabu fupi na ndefu, hesabu ambayo tahajia mpya huiweka wazi machoni.

Kwa mzawa, basi, tahajia hii yatosha, kwa kuwa yeye huisoma akiwa na sauti tayari masikioni. Mipaka yake humuumiza asiyekuwa na sauti hizo: mwanafunzi mgeni, mtunga kamusi, na mwalimu anayetumwa Garissa, Wajir au Mandera bila ya kukijua Kisomali. Huyu wa mwisho humsikia mwanafunzi akitamka diid kwa namna mbili, naye, kwa kuwa kitabu kina neno moja, humsahihisha aliye sahihi.

Hatupendekezi tahajia ibadilishwe. Tunalopendekeza ni dogo na lawezekana: kila kamusi na kila kitabu cha kumfundisha mgeni kiweke, kando ya neno, alama ya namna ya irabu na alama ya toni. Na katika madarasa yetu, mwanafunzi atakapouliza Kisomali kina irabu ngapi, tumjibu kwa kumtafuta msemaji wa lugha hiyo, si kwa kufungua kitabu.