Wimbi Fupi, Mnyoo Mwembamba: Kuitambua Picha Nzuri ya Utrasaundi

Picha ya utrasaundi haipimwi kwa weupe wake. Tazama kwanza megahezi zilizoandikwa pembeni mwa skrini, kisha uulize kinachotafutwa kiko kina gani. Viwili hivyo vikipatana, mpimaji anaijua kazi yake.

Pwani ya Tanga, kipimo kikali cha ustadi huo ni mabusha. Mnyoo jike wa Wuchereria bancrofti, anayeleta mabusha na matende, hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, ila unene wake ni kama robo milimita tu, naye hukaa ndani ya mishipa ya limfu karibu na korodani. Sauti hupita mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la megahezi 3.5, la kumtazamia mtoto tumboni, lina urefu wa milimita 0.44: ni pana kuliko mnyoo mwenyewe, na wimbi pana hivyo halimwonyeshi vizuri! Kwa megahezi 7.5 linakuwa milimita 0.2; kwa 15, milimita 0.1.

Mbona basi tusitumie 15 kila mahali? Kwa sababu mwili hulimeza upesi wimbi fupi. Mtoto aliye sentimita 10 ndani angezama gizani. Korodani ziko karibu na ngozi, na maji ya busha hayali sauti sana, hivyo hapo probu, yaani kifaa kinachogusishwa mwilini, ya megahezi nyingi ndiyo yenyewe.

Maji safi yaonekane meusi. Yakiwa ya kijivu yenye chengachenga, huenda mpimaji ameongeza mwanga tu, na mwanga hauongezi undani hata chembe.

Picha mgando usiiamini. Mnyoo hai hujulikana kwa kufurukuta bila mpangilio, palepale, bila kufuata mapigo ya moyo kama ifanyavyo damu. Watafiti wa Recife, Brazil, waliueleza mchezo huo mwaka 1994, wakauita ngoma ya filaria. Mpimaji mzuri hatulizi macho mpaka auone.

Picha hizo hupima hata dawa. Huko Kimang'a, Pangani, kwenye pwani hiyohiyo ya Tanga, wanaume 72 waliingia katika jaribio la dawa ya doksisaiklini dhidi ya minyoo hii, lililochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2005. Baada ya miezi 14, utrasaundi ilionyesha minyoo hai kwa 6 kati ya 27 waliopimwa katika kundi la dawa, na kwa 24 kati ya 27 wa kundi lisilopewa dawa hiyo.